Namalenga Imerukwa

"Mmeruka kwetu, Mwalimu. Warudishe watoto nyuma."

"Mama Walburga, weka mbao chini uende zako. Hapa ni darasani."

"Nimeshaziweka. Sasa warudishe. Wametoka Mkoronga wakatua Lisimbu kama ndege. Kati yake kuna Namalenga. Safari iliyopita ilikuwepo, niliisikia kwa masikio yangu."

"Ilikuwepo. Sasa haipo. Nimeikwangua."

"Umeikwangua na nini?"

"Na kisu."

"Kumbe vita havikuimaliza. Umeimaliza wewe, na kisu cha kumenyea mihogo."

Watoto wakacheka. Mwalimu Kajetani hakuzoea kuchekwa, akapiga fimbo mezani, darasa likanyamaza. Mwanamke aliyesimama mlangoni, kata ya mzigo bado iko kichwani, hakunyamaza. Huyo ni mama yangu, Lidwina. Mimi Walburga nilikuwa mgongoni, sijui hata kusimama, kwa hiyo haya yote nimeyapata kwake na kwa waliokuwepo. Wengine walinisimulia vibaya makusudi, hao nimewaacha.

Nieleze mbao zenyewe, maana watoto wa siku hizi wakisikia shule wanaona vitabu. Vitabu vya misheni viliungua kwenye vita vya Maji Maji. Padre aliyekuja baada ya vita alikuwa na shule mbili za vijijini, moja mtoni kwa Mwalimu Kajetani, moja mlimani kwa Mwalimu Hironimus, na hakuwa na kitu cha kuwapa. Akachongesha mbao za mninga, akazipaka masizi, akaandika masomo kwa udongo mweupe, juu yake akapitisha utomvu ili manyunyu yasifute. Seti ilikuwa moja tu. Wiki moja inakaa mtoni, wiki nyingine mlimani, kisha inarudi misheni Padre aikague, inaanza tena. Mbebaji alikuwa mama. Alizifunga pamoja kwa kamba, akaziweka juu ya kata, na mimi mgongoni, akapanda na kushuka vilima hivyo vya Songea kwa ujira wa chumvi.

Kulikuwa na ubao wa silabi, wa hesabu, wa wanyama, na wa sala. Na kulikuwa na ubao wa njia. Huo uliandikwa vituo vyote vya barabara ya mashariki, jina chini ya jina, na watoto waliviimba kwa pamoja: Songea, Hanga, Mkoronga, Namalenga, Lisimbu, Tunduru. Mama hakujua herufi hata moja. Lakini wimbo ule aliujua, na alijua jina la nne liko wapi, kwa sababu alikuwa akiligusa kwa kidole kila anapoufungua mzigo.

Namalenga ni kwao. Huko alizaliwa, huko aliitwa Biasha. Baba yangu alimwoa akamleta upande huu mwaka mmoja kabla ya vita, halafu baba akaondoka na wenzake waliokunywa ile dawa, wakaamini risasi za Wajerumani zitageuka maji. Hakurudi. Ikaja njaa. Mama akaenda misheni kwa ajili ya uji, akapata uji, akapata na ubatizo, akawa Lidwina. Wa kwao aliyebaki, kama alibaki, ni kaka yake mmoja, Daimu. Hakuwa na habari yake. Hakuna aliyekuwa nayo. Alichokuwa nacho ni lile jina la nne ubaoni. Watoto wakiliimba, moyoni mwake Daimu yupo. Sasa jina limekwanguliwa, na mtu aliyelikwangua anamwambia aende zake.

"Mwalimu, nani alikwambia haipo?" aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Wapagazi wa Boma. Wamepita, wameona majivu na magugu. Padre ameagiza ubao useme kweli. Unataka niwafundishe watoto kijiji cha magugu?"

"Waliona majivu. Watu je?"

"Mimi ni mwalimu, mama. Si mkaguzi wa majivu."

Mama akatoka. Alisema baadaye kwamba njia nzima ya kurudi nyumbani hakujua analia au anatukana.

Wiki ilipokwisha akazibeba mbao kupeleka mlimani. Mwalimu Hironimus alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliotuponza. Mama alimwambia tu, "Mwalimu, kwetu kumefutwa," akiwa hajamaliza sentensi Hironimus ameshachukua udongo mweupe.

"Namalenga? Mbona nimesikia watu wa Namalenga walileta nta Boma kulipia kodi? Mtu hawezi kuleta nta naye ni majivu."

"Umesikia kwa nani?"

"Watu."

"Watu gani, Mwalimu?"

"Watu, mama. Si wanapita hapa?"

Akaiandika. Mama akalala vizuri wiki hiyo. Wiki iliyofuata Padre akaukagua, hakuona tatizo, akaurudisha mtoni. Kajetani akauona, akanyanyua kisu. Mlimani Hironimus akaandika tena. Mtoni kisu. Mahali pale pa jina la nne ubao ukaanza kubonyea kama kiganja.

Mtu atauliza, kwani hawakuwa na utaratibu? Utaratibu ulikuwepo, na ndio uliowachanganya zaidi. Padre alitoboa tundu pembeni mwa kila ubao. Mwalimu akiona kosa, asiguse maandishi, afunge uzi kwenye tundu. Ubao ukifika misheni, Padre ataona uzi, atauliza kosa ni nini, atarekebisha mwenyewe, ataufungua uzi. Jambo jepesi, hata mimi ningeliweza mgongoni. Lakini walimu hawakutaka kungoja. Kajetani alirekebisha mwenyewe, kisha akafunga uzi, kumwonyesha Padre kwamba kazi imefanyika. Hironimus akiona uzi alidhani ni kosa linamngoja, anarekebisha, kisha anaufungua, kumwonyesha Padre kwamba kazi imefanyika. Kwa hiyo ubao wenye uzi ulikuwa umeshaguswa, na usio na uzi ulikuwa umeguswa mara mbili, na Padre akipokea usio na uzi anasema, "Vema, mwezi huu hatuna makosa."

Mpaka siku moja walimu wote wawili walipokutana misheni kwa mafundisho ya Jumamosi, na mama yupo uani anafunga mizigo, Padre akautoa ubao wa njia, akaweka kidole kwenye lile bonde.

"Hapa ni nini?"

"Namalenga," alisema Hironimus.

"Si kitu," alisema Kajetani.

"Ipo au haipo?"

"Ipo, Padre."

"Haipo, Padre."

Padre akawatazama mmoja mmoja. Kiswahili chake kilikuwa kigumu kama kiatu kipya, lakini aliuliza swali zuri. "Nani kati yenu ameiona kwa macho?"

Wakatazama chini. Padre akageuka akamwona mama.

"Lidwina, wewe unasemaje?"

"Mimi nasema msiguse tena mpaka mtu aende akaione."

"Nani ataenda?"

Mama akarudia kufunga mizigo. Barabara ilikuwa na simba waliozoea maiti wakati wa njaa, na mtu bila cheti cha Boma alikamatwa kubeba mizigo ya askari. Na mimi nilikuwa mgongoni. Alinieleza miaka mingi baadaye kwamba hata hivyo sababu yenyewe si simba. Aliogopa kufika.

Padre akaamua kitu cha busara, na busara hiyo ikaharibu kila kitu. Akagawa nyuzi za aina mbili. Uzi mweupe: kuna kosa. Uzi mweusi: kosa limerekebishwa. Wote wakakubali, wakaitikia ndiyo Padre, ndiyo Padre. Hakuna aliyekumbuka kwamba mbao zimepakwa masizi. Uzi mweupe ukitoka mtoni alfajiri, ukifika mlimani mchana ni mweusi. Kosa likitoka na miguu yake, linafika limesharekebishwa.

Na hapo ndipo mama yangu naye akatia mkono. Simteti, ni mama yangu, lakini alitia mkono. Nyumbani kwao walikuwa na desturi yao: mtu akikopa kitu, anafunga uzi kwenye kitu hicho, na mwenye mali ndiye anayeufungua siku ya kurudishiwa. Uzi uliofungwa kwake haukuwa kosa wala sahihisho. Ulikuwa deni. Akaona, hawa wamenikopa kijiji changu wala hawakufunga uzi, basi nitaufunga mimi mpaka wanirudishie. Akafunga wake kwenye ubao wa njia, njiani, hakuna aliyemtuma.

Hironimus akapokea ubao. Akaona uzi ambao haukuwa mweusi sawasawa wala mweupe sawasawa. Namalenga ilikuwa imeshakwanguliwa, akaiandika. Lakini akajiuliza, mbona nyuzi ni mbili? Basi kuna kosa la pili. Akalitafuta. Alilitafuta siku nzima, na mtu anayetafuta kosa siku nzima hulipata. Akaona kwamba Hanga na Tunduru hazikukaa vizuri, akazibadilisha. Wiki hiyo watoto wa mlimani waliimba wakatoka Songea, wakafika Tunduru, kisha wakarudi nyuma mpaka Hanga wakaishia hapo.

"Mwalimu," mama alimwambia, "umewapeleka watoto mwisho wa dunia halafu umewarudisha jirani."

"Kulikuwa na uzi, Mama Walburga. Nilijiuliza ni wa nini."

Mama hakusema ni wa nani. Akaubeba ubao, na kwa mara ya kwanza uzito wake akausikia.

Sasa katika soko la Songea, karibu na Boma, alikuwepo mfanyabiashara mmoja wa Tunduru aitwaye Bashiru. Aliuza chumvi, ugoro na nguo za kaniki, na alikwenda na kurudi barabara ile kila baada ya miezi michache. Mama alimfahamu kwa sura. Hakuwahi kumuuliza habari za njia, na sababu nimeshaisema. Siku aliyokuwa akiurudisha ubao misheni, jua kali, mimi nalia, akapumzika kwenye kivuli cha kibanda cha Bashiru.

"Mama wa misheni, hizo mbao ni za nini? Kila siku nakuona nazo kama konokono na nyumba yake."

"Ni masomo ya watoto."

"Na huu uliotobolewa katikati?"

"Haujatobolewa, umekwanguliwa. Ni njia ya Tunduru."

Bashiru akacheka. "Njia ya Tunduru? Mimi nimeitembea mpaka miguu imekuwa na kwato. Isome nikusahihishe."

Mama akaimba kwa sauti ndogo, kama watoto wa zamani, kabla ya kisu. Songea, Hanga, Mkoronga, Namalenga.

"Simama hapo," Bashiru alisema. "Hapo pamekosewa. Namalenga haipo. Ni magofu, mama, hata panya wamehama."

Mama akakaa chini. Hakukaa kwenye mkeka, alikaa penye vumbi.

"Watu je?"

"Watu wapo, walio hai. Wamehamia ng'ambo ya mto, Boma limewaamuru wajenge karibu na barabara. Pale sasa panaitwa Mtakuja, kwa sababu jumbe mpya hataki jina la zamani lisikike. Na mmoja wao, Mungu anisamehe, ananitesa. Kila nikipita ananipa jembe nilete Songea. Jembe la chuma, zito. Anasema mtafute dada yangu, umrudishie, nilimkopa. Nimelibeba mpaka hapa, nimeuliza soko zima, nimerudi nalo. Safari ya pili nikaliacha Hanga kwa rafiki yangu, bega limekwisha."

"Dada yake nani?"

"Biasha. Biasha wa Namalenga. Hapa Songea hakuna Biasha, nimeuliza mpaka wanawake wananishuku."

Mama alisema wakati huo mimi niliacha kulia, lakini nadhani ni yeye aliyeacha kunisikia.

"Huyo mtu anaitwaje?"

"Wanamwita Mzee Kipande, kwa sababu vidole vya mkono mmoja vimekatika. Jina lake halisi sijui."

"Mzee wa umri gani?"

"Mzee, mama. Mvi kichwa kizima."

Daimu alikuwa kijana. Aliachwa hana hata ndevu za maana. Mama akahesabu miaka, ikakataa. Kaka yake hakuweza kuwa na mvi. Lakini jembe ni kweli: Daimu alilichukua wiki ile mama alipoolewa, akasema mvua zikiisha nitakuletea kwa mumeo, na mvua zikaisha, na vita vikaja.

"Biasha ni mimi," alisema.

Bashiru akamtazama, kisha akautazama msalaba shingoni kwake. "Wewe si Lidwina? Padre si anakuita Lidwina?"

"Ndiyo."

"Dada yangu, usiudhike. Mwanamke yeyote Songea akisikia jembe la bure, jioni atakuwa Biasha."

"Mimi natumia mkono wa kushoto. Jembe langu limelika upande mmoja. Lilete ulitazame."

"Nitalileta, inshallah. Likiwa limelika upande mmoja, ni lako. Likiwa zima, ni langu, kwa ajili ya bega."

Mama akaenda misheni na ubao kichwani. Alimkuta Padre na Kajetani, wakauona ubao wakaanza kuzozana juu ya Tunduru kuwa jirani ya Songea, naye akaeleza yote: Namalenga ni magofu, watu wako ng'ambo, panaitwa Mtakuja, na uzi wa pili ni yeye aliyeufunga.

"Nilisema haipo," alisema Kajetani.

"Ulisema magugu. Hukusema watu."

"Ubao hauna nafasi ya watu, mama, una nafasi ya vituo."

Padre akashika kichwa. "Kwa hiyo niandike nini? Namalenga, ambayo haipo na watu wake wapo? Au Mtakuja, ambayo ipo na hakuna anayeijua?"

Akairudisha Tunduru mwisho na Hanga mahali pake. Mwishowe akaandika Mtakuja, lakini mahali pale palikuwa pamebonyea mno, herufi zikaingia ndani zisionekane kwa mbali. Watoto wa mtoni wakaimba Mtakuja. Watoto wa mlimani walishaizoea Namalenga, wakaendelea nayo, na Hironimus hakuwa na moyo wa kuwakataza. Nilipoanza shule mimi mwenyewe, Wajerumani wanakaribia kuondoka, tulikuwa tukikutana watoto wa pande mbili mtoni na kupigana ngumi juu ya jina hilo, na hakuna mmoja wetu aliyewahi kufika huko. Mimi nilipigania Namalenga, nikang'olewa jino.

Mama aliendelea kubeba mbao. Kila akipita sokoni alitazama kibanda cha Bashiru, kimefungwa. Usiku alihesabu mvi za mtu asiyemjua. Siku nyingine ni Daimu. Siku nyingine Daimu amekufa, na mtu mwingine mwenye huruma amebaki na jembe na ahadi. Siku nyingine hakuna mtu wala jembe, Bashiru alikuwa anapiga soga na mwanamke mwenye mtoto anayelia. Hakumwambia mtu. Hironimus alimuuliza mbona amekonda, akasema ni vilima.

Mvua za kwanza zilipokuwa zimeshanyesha na watu wako mashambani, Bashiru akaja mwenyewe mpaka nyumbani kwetu, amebeba jembe begani.

"Karibu," mama alisema, wala hakusimama. "Liweke hapo."

Akaliweka. Mama akalitazama bila kuligusa. Halikuwa limelika upande mmoja. Lilikuwa limelika pande zote mbili, sawa sawa kama lililonyooshwa na fundi.

Bashiru akakohoa. "Unaona, dada yangu. Wallahi nilitamani liwe lako."

Mama akaliinamia. Upande wa kushoto ulikuwa umelika kwa ulaini wa zamani, chuma kimeng'aa. Upande wa kulia ulikuwa umelika kwa makovu, kwa kulima mawe. Mtu wa mkono wa kulia amelilimia misimu yote hii, mpaka ameufikia upande wake. Lakini watu wa mkono wa kulia ni wengi duniani. Hilo halikumwambia nani.

Ndipo akauona uzi kwenye mpini. Uzi wa gome, umekauka, umekuwa mweusi kwa jasho, na mkia wake mmoja mrefu kupita kiasi, mwingine mfupi mpaka hauonekani. Tangu utotoni Daimu hakuweza kufunga kitu mikia ikalingana. Mama yao alimpigia kelele kwa hilo kila walipofunga mbuzi, na mbuzi kila siku walipotea.

"Hizo mvi," mama aliuliza, "amezipata lini?"

"Wanasema ni wakati wa njaa. Alikaa msituni na watoto wa watu, akawalisha mizizi. Si mzee kihivyo ukimtazama machoni."

"Watoto walipona?"

"Baadhi."

Mama akalivuta jembe mapajani. Kifundo kilikuwa kigumu kama mfupa, vidole havikukiweza, akakitia meno. Bashiru akageuka kutazama shamba, ana adabu zake. Ilichukua muda. Mimi nilikuwa nimekaa karibu nala udongo, na hakuna aliyenikataza.

Uzi ulipofunguka, mama akaunyoosha kwenye goti, akampa Bashiru.

"Mrudishie."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie Biasha ameufungua."